Chupa Isiyonuka

Sabato ile Shem Wesonga aliposimama kanisani kumshukuru Mungu kwa dawa isiyonuka, mkewe Peres alikuwa ameketi safu ya tatu kutoka mbele, amevaa sweta mbili na kujifunika leso juu yake. Ilikuwa Februari, mwezi ambao Nairobi nzima hulia joto. Hakuna aliyemtazama Peres. Watu walikuwa wakimtazama Shem, maana mzee huyu wa kanisa akiinuka kutoa ushuhuda huwa ni burudani. Ni fundi wa makochi, amezoea kushindana na malori ya barabara ya Ngong, na akishika maikrofoni hana haja nayo.

"Wapendwa," alisema, "mnajua mke wangu alitolewa goita hapa shingoni. Mnajua kuna dawa anameza kila asubuhi, mpaka siku Bwana atarudi. Lakini hamjui ile harufu!"

Watu wakacheka.

"Ukifungua hiyo chupa, panya wanahama. Nikaomba. Nikasema, Bwana, mke umeniachia, asante, lakini hii harufu je? Sasa mwezi jana nimeingia tauni, huko katikati ya jiji, nikapata dawa ile ile. Jina ile ile, chupa ile ile. Nikafungua, nikanusa." Alinyamaza kidogo, maana alijua mahali pa kunyamaza. "Hakuna! Harufu imeenda! Mungu wetu anajibu hata maombi kidogo kidogo."

"Amina!" kanisa likaitika.

Peres naye alisema amina. Yake ilichelewa, ikatoka peke yake baada ya zingine kutulia, nzito na yenye kukwaruza, hata dada Stellah, shemasi wa akina mama, akageuka kumwangalia.

"Uko na homa, Mama Jackie?"

"Ni baridi tu," Peres alisema.

Stellah alifungua mdomo amwulize ni baridi gani, kisha wimbo ukaanza.

Harufu yenyewe si rahisi kumweleza mtu ambaye pua yake haijakutana nayo. Haikuwa ya kitu kilichooza, wala haikuwa ile kali ya hospitali. Ilikuwa ya nyama iliyokaushwa kisha ikasahauliwa kwenye kabati lenye unyevu, na nyuma yake kitu kama supu ya juzi. Peres alimeza kidonge chake kila alfajiri kabla ya chai, na vidole alivyokishikia vilibaki na harufu hiyo hata baada ya sabuni. Shem alilalamika kila siku, lakini kwa mzaha, kama mume anayelalamikia mkoromo wa mkewe huku akijua kwamba siku mkoromo ukinyamaza hatapata usingizi. Mara moja tu ndipo alipouliza dawa hiyo inatengenezwa na nini. Peres alimjibu akiwa amempa mgongo, anachagua mchele.

"Ni tezi ya ng'ombe. Wanaikausha, halafu wanaisaga."

"Kama ni ng'ombe ni sawa," Shem alisema, akaridhika.

Ambaye hakuwa sawa ni mnyama wa Njuguna. Njuguna ndiye mwenye ploti pale Uthiru walipopanga, na nyuma ya safu ya nyumba zake alifuga nguruwe, wanono, wenye kelele saa za chakula, na kwa Wasabato nguruwe ni najisi. Shem alikuwa ameziba mianya yote ya dirisha la upande ule kwa vipande vya sponji ya makochi. Kila alipokutana na Njuguna kwenye lango walianza.

"Landlord, hawa wanyama wako wananiharibia maombi."

"Mzee wa Sabato, hawa ndio walijenga hiyo nyumba unaombea ndani," Njuguna alimjibu. "Funga dirisha."

Walicheka wote wawili, lakini Shem hakuwa anatania kama Njuguna alivyodhani. Mwaka mmoja mke wa Njuguna aliazima sufuria kubwa ya Peres, ile waliyopewa siku ya harusi, akairudisha imesuguliwa hadi inang'aa. Jioni Shem akasikia kwamba ilichemshiwa nyama ya nguruwe. Hakugomba. Aliichukua kwa ncha ya fimbo, mkono umenyooka mbali na mwili, akapita nayo mbele ya wapangaji wote hadi jalalani, akaitupa kwa kishindo, kisha akarudi kunawa mikono hadi viwiko. Peres alisimama mlangoni wakati wote huo, mkono ndani ya mfuko wa aproni, umeishika chupa yake ya dawa.

Dawa hiyo hutoka ng'ambo. Peres alikuwa akiipata kwa Syokimau, mama mwenye kemisti kule Hurlingham, na daktari ndiye aliyemwandikia baada ya vidonge vya kawaida kumwacha akiburura miguu mchana kutwa. Mwisho wa Desemba Syokimau alipiga simu kusema mzigo umekwama. "Tafadhali msinunue kwa mtu hamjui," alimwambia Shem. "Kama zinaisha, mrudi kwa daktari awape zile za kawaida mpaka mzigo ufike." Shem aliitikia, akakata simu, na onyo likatokea sikio la pili. Yeye ni mtu wa kutafuta. Kitambaa kilichokwisha Ngong Road hukipata tauni, sponji iliyoadimika huipata tauni, basi na dawa itakuwa huko.

Akaipata. Ilikuwa ghorofani kwenye jengo moja karibu na River Road, kibanda kilichobanwa kati ya muuza viatu na msusi, na mwenyewe kijana mchangamfu aliyejiita Sammy.

"Hii ni original, mzee. Cheki seal."

Shem alifungua, akanusa. "Mbona hainuki?"

"Wameimprove," Sammy alisema bila kupepesa. "Hii ni new formula."

Shem alishuka ngazi akiimba. Nyumbani alivimwaga chooni vile vidonge vichache vilivyobaki kwenye chupa ya zamani, akavuta maji, akampa Peres chupa mpya kama mtu anayetoa zawadi. Peres aliinusa. Akainusa tena, akiwa amefumba macho.

"Hakuna kitu," alisema.

"Si ndio nakwambia!" Shem alicheka, akapiga makofi.

Mvua za Machi zilipoanza, Shem hakuwa akicheka tena.

Ilianza na usingizi. Peres ndiye aliyeshona foronya za makochi yote ya Shem, mwanamke aliyeweza kukata kitambaa cha seti nzima kabla ya uji kupoa, na sasa alilala akiwa ameketi. Uso wake ulivimba, hasa chini ya macho. Nywele zilibaki kwenye kitana. Aliulizwa jambo, na jibu likaja baada ya aliyeuliza kwisha kusahau.

"Baba," Jacklyne binti yao alisema asubuhi moja, akifunga kamba za viatu vya shule, "Mum anaongea kama redio ya betri imeisha."

"Amechoka. Usimseme mama yako."

"Sijamsema. Naogopa."

Shem alimpa nauli, akamsukuma polepole nje. Yeye mwenyewe alikuwa ameogopa zamani. Aliogopa na akaficha, na kila hofu ilipochomoza kichwa aliirudisha chini kwa maneno yale yale: Mungu hawezi kuanza kitu akiache katikati.

Kisha ikaja simu ya mteja wa Loresho, Bi. Debra, mwanamke asiyepandisha sauti, na hilo ndilo linalouma.

"Fundi Shem, nimekaa hapa naangalia sofa yangu. Maua yako wapi?"

"Maua yako juu ya kitambaa, madam."

"Yako ndani. Kitambaa kimeshonwa nyuma mbele, seti nzima. Nimekuwa na wageni leo, na wote wamenionea huruma."

Shem, aliyezituma foronya zikiwa zimekunjwa, aliomba msamaha akiwa amesimama kando ya barabara, kichwa kimeinama kana kwamba mama huyo alikuwa mbele yake, huku mafundi wenzake wakijifanya hawasikii. Alifunga kazi mapema, akarudi Uthiru amejaa maneno ya kumwambia mkewe. Kabla ya kufungua mlango alisikia cherehani ikienda, mfululizo, bila kusita. Alimkuta Peres amelala, shavu juu ya meza, na mguu wake umelemea kikanyagio cha mota. Sindano ilikuwa inachoma mahali pamoja, inachoma na kuchoma, imetoboa kitambaa tundu, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa upana wa kucha kutoka hapo.

Aling'oa waya ukutani. Alipomgusa Peres shingoni, pale penye kovu linalofuata mstari wa mkufu, ngozi ilikuwa ya baridi na kavu, na yeye hakushtuka, alifungua tu macho polepole.

"Twende hospitali."

"Hapana."

"Mama Jackie, angalia vile uko!"

"Wataniuliza dawa," Peres alisema.

"Si wakuulize? Dawa iko. Unameza kila siku, mimi ni shahidi."

Peres alimtazama. Kulikuwa na kitu kwenye macho hayo ambacho Shem alikichukua kuwa ukaidi, akanuna. Na tuseme kweli, sehemu yake moja ilishukuru kwa ukaidi huo. Angemwambiaje daktari, na angeliambiaje kanisa, kwamba ule muujiza aliousimamia na maikrofoni unamfanya mkewe avimbe?

Sabato iliyofuata, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Shem alivaa suti yake ya kahawia, akafunga tai, akachukua Biblia, akaenda kumwamsha Peres. Hakuamka. Alimtikisa bega. Alimwita Mama Jackie, kisha kwa jina lake mwenyewe la usichana, jina ambalo hakulitumia tangu alipomposa.

"Peres! Peres Anyango!"

Jacklyne alikuja mbio na sahani mkononi, akaona uso wa mama yake, akaanza kulia kimyakimya. Shem alimfunika Peres mablanketi yote ya nyumba, akalala juu yake na suti yake kama kuku anayeatamia, akimpulizia pumzi mikononi. Miguu ya mkewe ilikuwa ya baridi kama sakafu. Aliogopa vile hajawahi kuogopa maishani mwake, hofu ya kitoto, ya kutaka mtu mzima aje.

Ndipo Peres akasema kitu.

"Nini? Mama Jackie, sema."

"Ile dawa. Haina kitu ndani."

"Nani amesema?"

"Hainuki."

"Lakini huo ndio muujiza..."

"Hakuna muujiza." Alipumzika. Maneno yalimtoka moja moja, kila moja likibebwa kutoka mbali. "Lazima inuke. Ile ya ukweli lazima inuke. Si ng'ombe, Baba Jackie. Ni nguruwe. Ni tezi ya nguruwe. Daktari aliniambia toka siku ya kwanza."

Mvua ilipiga mabati. Jacklyne aliacha kulia. Shem alisikia neno lile likiingia na kukaa ndani yake, akangoja kukasirika, na hasira haikuja. Lililokuja ni jambo lingine.

"Ulijua lini kwamba hii ya tauni ni feki?"

"Siku ulileta, nilishuku. Ile Sabato ulishika maikrofoni, nilikuwa najua kabisa."

"Na ukanyamaza? Peres, unakufa! Ungeniambia!"

Peres aligeuza uso kidogo tu, kadiri alivyoweza.

"Niliona vile ulifanya ile sufuria," alisema.

Akafumba macho. Shem alimwita, asijibu tena.

Kutoka mlangoni pake hadi kwa Njuguna ni hatua chache za matope, na alizivuka bila viatu. Pikapu ilikuwa imewashwa, inanguruma, na nyuma yake walisimama nguruwe wawili waliofungwa kamba, tayari kwa safari ya kichinjio.

"Landlord! Nisaidie. Mke wangu."

Njuguna alimtazama mara moja, akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa. "Ngoja nishushe hawa."

"Wacha wakae. Hakuna time. Wacha wakae!"

Walimbeba Peres na mablanketi yake, wakamweka mbele, Jacklyne akimshikilia ili kichwa kisianguke. Hapakuwa na nafasi ya mwingine. Shem akapanda nyuma. Basi wote waliokuwa wakitembea kando ya barabara na miavuli yao, Biblia zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, walimwona mzee wao wa kanisa akipita na suti ya kahawia, tai shingoni, miguu mitupu, amesimama katikati ya nguruwe wawili. Stellah alikuwa miongoni mwao. Aliinua mkono kumpungia, kisha akaona alichokuwa amesimama nacho, na mkono ukabaki hewani.

Kwingine kokote Shem angetamani ardhi immeze. Siku hiyo alipiga paa la gari kwa kiganja. "Haraka, Njuguna! Haraka!" Kwenye kona, nguruwe mmoja alimwegemea mguuni, na joto la mnyama yule likapenya suruali iliyoloa. Shem hakusogea. Nguruwe huyu ana joto, aliwaza, na mke wangu hana.

Daktari aliyempokea Peres aliitwa Wangeci, mwanamke kijana mwenye miwani. Alipima mapigo ya moyo, akapima tena, akaita wauguzi wawili kwa sauti ya chini iliyomtisha Shem kuliko kelele.

"Mzee, anatumia dawa gani?"

Shem alimpa chupa ya tauni. Alikuwa ameishika njia nzima, na kifuniko kilikuwa kimeacha alama kiganjani mwake. "Ni feki," alisema. "Hainuki."

Daktari alivunja kidonge, akasugua unga kati ya vidole, akanusa. "Hii inakaa kama chaki. Tutaipeleka ipimwe. Amemeza hii toka lini?"

"Toka mwaka mpya ulianza."

"Na mbona mlingoja hivi?"

"Nilikuwa nashukuru Mungu," Shem alisema.

Daktari Wangeci hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kueleweshwa. Alisema wataanza na dawa ya kawaida kwa mpira wa puani, kidogo kidogo kwa sababu ya moyo, na kwamba mwili uliopoa hivyo hauwezi kuamshwa kwa kukimbizwa.

"Atapona?"

"Tunajaribu, mzee. Siku hizi za kwanza ndizo tunaogopa."

Basi daktari naye anaogopa, Shem aliwaza, akaketi kwenye benchi. Njuguna aliketi kando yake, nguruwe wake wangali kwenye pikapu nje, mvua ikiwanyeshea. Hakusema lolote kuhusu kichinjio wala kuhusu mtu anayemngoja huko. Kisha alivua gamubuti zake.

"Vaa. Utapata nimonia hapa, wakuweke kitanda ya pili."

Shem alizivaa. Zilinuka banda. Alizitazama miguuni mwake, akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti mbele ya watu wote wa foleni.

Alichokuwa akililia si nguruwe. Alikuwa akihesabu asubuhi zote zile Peres alizoamka akajua anameza chaki, akameza, akampikia yeye chai. Mkewe alipima mambo mawili, kifo na mume wake, akaona heri kifo. Hilo ndilo lililomchoma. Aliomba pale benchini kwa maneno machache kuliko kawaida yake: usimchukue kabla sijamwambia.

Peres alikaa siku kadhaa bila kujua nani yuko kando yake. Shem alienda kazini akarudi, akashona upya maua ya Bi. Debra kwa mkono wake mwenyewe, vibaya. Usafi wa nyumba ulimwangukia yeye na Jacklyne, na walipoinua cherehani wafagie, walikuta chini yake chupa ya zamani, ile ambayo Shem alimwaga vidonge vyake chooni. Peres alikuwa ameiokota takatakani akaificha. Ilikuwa tupu, isipokuwa kibonge cha pamba kilichobaki shingoni. Shem aliifungua. Harufu ilitoka mara moja, ile ile, ya nyama kavu na supu ya juzi, na akaona nyumba imerudiwa na mwenyewe. Alifunga upesi isije ikaisha.

Kisha siku moja mchana Peres aliwatupia wauguzi blanketi. "Joto," alisema. Daktari Wangeci alicheka kwa mara ya kwanza. Lakini bado uso ulikuwa umevimba, bado maneno yalichelewa, na kila Shem alipoingia, macho ya Peres yalimkimbia yakaenda ukutani. Alikuwa anamwogopa. Shem alijaribu kuliongea jambo lile, na kila mara palikuwa na muuguzi. Mtu wa maikrofoni alikosa sauti mbele ya kitanda kimoja.

Simu ya Syokimau ilikuja Sabato moja, Shem akiwa kanisani. Mzigo umefika, ni kidogo, na wagonjwa wanaongojea ni wengi. Daktari Wangeci alikuwa ameshazungumza na daktari wa Peres, wakakubaliana kwamba mzigo ukipatikana ataanza kurudishiwa zile zake chini ya macho yao. Shem alitoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha, na watu waligeuka kumtazama.

Kwa Syokimau palikuwa na foleni. Shem alipofikiwa, alitoa chupa ya zamani mfukoni mwa suti, akaiweka juu ya kaunta.

"Naomba kufungua hiyo mpya hapa hapa."

"Baba Jackie, mimi siuzi feki," Syokimau alisema, ameumia kidogo.

"Najua, mama. Si wewe. Ni mimi."

Syokimau akamfungulia. Alinusa chupa ya zamani kwanza, kwa pumzi ndefu, kisha akainamisha pua kwenye mpya. Hakusikia kitu. Mdomo wa chupa ulikuwa bado umezibwa na karatasi ya alumini, haijatobolewa. Syokimau aliitoboa kwa kalamu. Akanusa tena, na macho yakamjaa machozi. Mama mmoja wa nyuma yake kwenye foleni alifunika pua.

"Uuwi, ni nini hiyo inanuka?"

"Ni hiyo yenyewe," Shem alisema. "Asante Yesu, ni hiyo."

Alipofika hospitalini aliwakuta wameshamzunguka Peres, ndugu wa kanisa, Stellah mbele yao, nguo zao safi za Sabato, wimbo umekwisha na maombi yanakaribia. Peres alikuwa ameketishwa kwa mito. Aliona chupa mkononi mwa mumewe, akaona watu, na uso wake ukabadilika. Alitikisa kichwa taratibu. Si sasa, alikuwa anasema. Si mbele yao.

Muuguzi alisoma karatasi ya daktari, akakata kidonge nusu. Harufu ilitambaa kitandani hadi miguuni. Mmoja alikohoa. Mwingine alisogea dirishani akajifanya anaangalia nje.

"Baba Jackie," Stellah aliuliza, kwa upole wa kweli, "si ulisema Mungu alitoa hii harufu?"

Peres alishika ukingo wa shuka kwa vidole vyake vilivyovimba. Shem aliona vile alivyoushika. Alijua hapo ndipo, na kwamba akisema uongo mdogo tu, neno moja la ng'ombe, wote watasema amina na mkewe atarudi nyumbani akiwa bado anamwogopa.

"Nilidanganyika," alisema. "Hii dawa ni ya nguruwe. Tezi ya nguruwe, inakaushwa, inasagwa. Mke wangu anaimeza miaka hii yote ndio maana yuko hai, na alinificha kwa sababu ya vile mimi niko. Mimi ndio nililetea yeye chaki. Nikasimama mbele yenu nikashukuru." Aliinua chupa. "Harufu ndiyo ilikuwa jibu. Mimi nikaomba iondolewe."

Hakuna aliyesema amina. Wodi nzima ilisikia, hata wagonjwa wa vitanda vya mbali. Shem alichukua nusu ile ya kidonge kwa vidole vyake viwili, mkono haukunyooka mbali na mwili, akainama nayo karibu na mkewe.

"Peres," alisema chini. "Ile sufuria nilikosea. Nilikosea sana."

Peres alimtazama. Safari hii macho hayakwenda ukutani.

Stellah alisimama kidogo, mkoba wake kifuani. Kisha aliuweka chini, akasogeza jagi.

"Anameza na maji ama chai?"

"Maji," Shem alisema. "Chai ni baadaye."

Stellah akamimina maji kwenye glasi, akampa Shem, na Shem akamnywesha mkewe hadi kidonge kikashuka. Wakaomba. Baadaye, wageni walipoondoka, muuguzi alimwonyesha Shem sinki iliyoko pembeni na sabuni yake. Alisema asante, akabaki ameketi, na Peres akalala akiwa ameushika mkono ule ule uliokuwa unanuka.